Madaftari Matatu ya Mara ya Kwanza

Nyundo ilikuwa safi. Kiberiti aliigeuza mara tatu kwenye mwanga, akaukwangua ukingo wake kwa ukucha, akainusa. Ilinuka gundi. Haikuwa na damu wala unywele, na mpini ulikuwa umelainika kwa jasho la mtu mmoja la miaka mingi. Aliitia kwenye mfuko wa vielelezo hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ameshamwambia mkuu wa kituo kwamba ataileta, na hakuwa mwanamke wa kurudi mikono mitupu.

Jina hilo la Kiberiti alipewa na askari wenzake, wala hawakukosea. Wiki hii alikuwa anawaka tangu Jumamosi. Jumamosi jioni aliitwa kwenye nyumba ya vyumba sita yenye bafu moja uani. Alikuta mlango wa bafu umevunjwa, mwanamke amelala sakafuni na nundu kwenye paji la uso, na mume wake, fundi viatu, amepiga magoti kando yake. Majirani walisema wamesikia ukelele, kisha vishindo. Kiberiti hakuhitaji kusikia zaidi. Alimtia fundi pingu pale pale, na fundi alipofungua mdomo kujieleza, alimwambia aufunge. Daktari wa zamu akaandika kwamba mgonjwa ana damu kwenye ubongo iliyotokana na kipigo. Leo ilikuwa Jumatano, na saa nane mchana jalada lilikuwa linaondoka kwenda kwa mwendesha mashtaka: kujaribu kuua. Kama mke angekata roho kabla ya hapo, neno "kujaribu" lingefutwa.

Alipiga chafya. Kibanda cha fundi kilikuwa kimejaa vumbi la ngozi na msasa. Alitia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikagusa vidonge viwili vya rangi ya waridi alivyokuwa amevisahau. Alipewa juzi na msimamizi wa kiwanda cha unga, mahali mke wa fundi alipokuwa mpakiaji. Kiberiti alikwenda kuuliza kama mama yule aliwahi kulalamika kupigwa, akapiga chafya mbili kwenye chumba cha kupakia, na msimamizi akamkarimu vidonge kama mtu anayegawa peremende. Alivirudisha mfukoni, akafuta pua, akaendelea na upekuzi.

Kwenye msumari juu ya meza kulining'inia kifurushi cha vipimo vya soli, vile vipande vya karatasi ngumu ambavyo fundi huviweka juu ya ngozi na kukata kwa kuvifuata. Vingi vilikuwa vya maboksi. Vitatu vilikuwa vya majalada ya madaftari ya shule, vimekatwa umbo la mguu, na karatasi ya kwanza ya kila daftari bado imegandamana na jalada. Kiberiti alikigeuza kimoja, akaona mhuri wa zahanati.

Alivitandaza vyote vitatu mezani. Vilikuwa na jina moja, la mke wa fundi, na zahanati tatu tofauti. Tarehe tatu, tarehe tano, tarehe saba. Kila kimoja kilikuwa na mwandiko wake, lakini maneno yalifanana: maumivu makali ya kichwa, yamekuja ghafla, mara ya kwanza.

Jumamosi ilikuwa tarehe tisa.

"Mara ya kwanza mara tatu?" Kiberiti alisema kwa sauti, peke yake, na hasira ikampanda upya, safari hii bila kujua inamwendea nani.

* * *

Fundi viatu aliletwa chumba cha mahojiano akiburuta miguu, maana kamba za viatu vyake zilikuwa zimeondolewa. Macho yalikuwa mekundu. Kiberiti alimwekea vile vipande vitatu mbele yake.

"Haya ni nini?"

"Vipimo vya soli. Namba thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili."

"Nauliza vilikuwa nini kabla ya kuwa soli."

"Madaftari ya hospitali ya mke wangu. Alitaka kuyachoma, nikamwambia jalada zuri hivyo halichomwi."

"Kwa nini ayachome?"

Fundi alimtazama. "Afande, unataka nijibu, au nifunge mdomo kama Jumamosi?"

Koplo aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa akajifanya anatazama kalamu yake. Kiberiti alihisi masikio yanapata moto. "Jibu," alisema.

"Pale kiwandani kibarua akiandikiwa ugonjwa ule ule mara mbili ndani ya mwezi, anaondolewa. Wanasema huyo ni mgonjwa sugu. Kwa hiyo mtu akiugua ananunua daftari jipya, anakwenda zahanati ambayo hawamjui, anasema ndiyo mara ya kwanza. Wote wanafanya hivyo. Mimi nilikuwa namtania, namwambia mke wangu wewe huugui, unaanza tu."

"Maumivu yalikujaje?"

"Hayaji, yanapiga. Yuko mzima anaongea, kabla hujamjibu ameshashika kichwa anapiga ukelele. Baada ya saa mbili tatu yanaisha, anabaki mnyonge, kesho yake anaenda kazini. Ya kwanza aliinama kuinua mfuko wa unga. Ya pili anaoga. Ya tatu..." Akafuta uso kwa mkono. "Ya tatu nilimchekesha mimi. Alicheka sana, na yale maumivu yakampiga katikati ya kicheko. Sijamchekesha tena."

"Na Jumamosi?"

"Anaoga tena. Nikasikia ukelele, nikakimbia. Nikasikia ameanguka. Nikamwita haitiki. Mlango amefunga komeo kwa ndani. Nikauvunja kwa bega." Alivuta shati. Bega lote la kulia lilikuwa limevilia damu, rangi ya zambarau. "Hakuna aliyeniuliza hili bega limefanya nini."

Kiberiti alifungua jalada kwenye picha za siku ile. Mlango wa bafu ulikuwa umelalia ndani, na komeo lake la chuma lilikuwa limepinda likiwa bado limesukumwa. Mtu hawezi kumpiga mke wake ndani ya bafu, akatoka, akafunga komeo kwa ndani akiwa nje, kisha akauvunja mlango. Alisoma maelezo ya majirani, aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: ukelele, kishindo, kishindo kingine kikubwa. Alikuwa ameyaunganisha yote kuwa kipigo. Sasa aliyasoma yalivyokuwa. Ukelele ulikuja kwanza. Anayepigwa hulia baada ya pigo.

Picha ile ilikuwa jaladani siku nne. Kiberiti alilifunga jalada kwa nguvu mpaka koplo akashtuka.

"Mrudishe," alisema. "Na mpe kamba za viatu vyake."

"Sheria hairuhusu, afande."

"Basi mpe maji na kiti, na umwite daktari amtazame bega. Hilo linaruhusiwa."

* * *

Daktari bingwa wa mishipa ya ubongo alikuwa anakuja hospitali ile Jumatano tu. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa miwani ya kamba, na Kiberiti alipoingia alikuta ameshakasirika tayari, kitu kilichomfariji kidogo.

"Wewe ndiye mwenye kesi ya kipigo?" daktari aliuliza. "Nani amekipiga hicho kipigo leo asubuhi? Maana mgonjwa wako amepiga ukelele saa moja, ameshika kichwa, na sasa mkono wake wa kushoto umelegea. Yuko wodini siku nne. Mume wake unaye wewe."

Kiberiti alimwekea mezani vile vipande vitatu.

Daktari alivisoma kimoja kimoja, akavisoma tena. "Hii ni ya nne Jumamosi na ya tano leo," alisema polepole. "Daftari la wodini linasema mara ya kwanza."

"Nani aliwaambia?"

"Mdogo wake ndiye aliyekuja naye. Aliulizwa kama imewahi kumtokea, akasema haijawahi." Daktari alivua miwani. "Njoo huku."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kichwa kilichokatwa vipande vyembamba, cheupe na kijivu.

"Maumivu ya namna hii tunayaita ya radi, kwa sababu ndani ya dakika moja yameshafika kileleni. Mtu akija nayo, kitu cha kwanza kufikiria ni mshipa uliovimba kama puto umepasuka, maana huo unaua. Lakini puto likipasuka damu hujaa hapa chini, kwenye kitako cha ubongo. Unaona nini hapa?"

"Sioni kitu."

"Kwa sababu hamna kitu. Wala puto halipasuki mara nne kwa wiki mtu akawa anaenda kazini katikati."

"Damu iliyoganda?"

"Bonge kwenye mishipa inayorudisha damu? Mara nyingi hilo huumiza taratibu, siku hadi siku, na njia hizi zingeziba. Ziko wazi. Mshipa wa shingo ungechanika, shingo ingemuuma, pengine na kope moja ingelegea. Nimeitazama yote minne, ni mizima."

"Na kipigo?"

Daktari aligusa doa dogo jeupe juu kabisa, kwenye mikunjo ya ubongo. "Hiki ndicho kilichompoteza mwenzangu. Damu kidogo, huku juu. Damu ya kipigo hupenda kukaa hapa. Ukiongeza nundu usoni na polisi wameshaleta mtu mwenye pingu, nani atauliza swali la pili?"

"Alaumiwe daktari au polisi?"

"Gawaneni."

Kiberiti alimeza hilo, kwa sababu lilimstahili. Daktari akafungua picha nyingine. "Hii ni ya leo asubuhi. Katika ya Jumamosi mishipa ilionekana mizima, na katika ugonjwa huu wiki ya kwanza mara nyingi huonekana hivyo. Itazame sasa."

Mishipa ilikuwa imebana, ikapanuka, ikabana tena, mpaka mwisho wake, kama uzi wa shanga.

"Mishipa inajikaza yenyewe. Ikijikaza inaleta radi. Kuoga, kuinama, kucheka, chochote kinaweza kuichokoza. Nundu aliipata alipoanguka. Kwa kawaida inalegea yenyewe baada ya wiki chache, mtu anapona. Ila mara nyingi kuna kitu kinachoikaza, na kitu hicho kisipoondolewa, sehemu ya ubongo inakosa damu. Mkono umeshaanza. Radi nyingine moja au mbili, na sikuahidi kitu." Alimgeukia. "Nimemuuliza mama yake binti anatumia dawa gani. Amesema hatumii dawa yoyote. Wauguzi wanasema kutoka nyumbani haiji dawa, inakuja chai tu. Mimi sijampa kitu cha kukaza mishipa. Sasa kitu hiki kinatoka wapi?"

Kiberiti alitia mkono mfukoni. Akaviweka vile vidonge viwili juu ya meza, na nyuzi zake za mfukoni.

"Hivi wao hawaviiti dawa," alisema. "Pale kiwandani wanavigawa kama peremende."

Daktari alivigeuza chini ya taa, akasoma namba iliyochongwa, akainua simu na kumsomea mfamasia. Alisikiliza. Aliweka simu chini.

"Vya kukausha pua. Vinakausha kwa kubana mishipa. Vikishuka tumboni havijui wapi pua inaishia na ubongo unaanzia. Nenda, Inspekta. Mimi naanza dawa ya kulegeza mishipa, lakini nikilegeza huku mtu anakaza kule, ninachota maji kwa pakacha."

* * *

Kwenye chumba cha kupakia unga ulitanda hewani kiasi kwamba wanawake wa mwisho wa mstari walionekana vivuli. Juu ukutani feni kubwa ya kuvuta vumbi ilikuwa imesimama, na buibui ameshajenga kwenye mapanga yake. Juzi Kiberiti aliiona, hakuitazama.

Msimamizi alimpokea yeye na koplo wake kwa tabasamu. "Karibu tena, afande. Yule mume mmeshamfunga?"

"Feni hiyo imekufa lini?"

"Ah, feni. Mwisho wa mwezi uliopita. Fundi umeme anasubiri kifaa."

"Na vidonge vilianza lini?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalihama. "Vidonge gani?"

"Ulivyonipa mimi. Leta kopo."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa nusu. Vidonge vilikuwa vimetolewa kwenye pakiti zake vyote, vitupu.

"Ni vitamini tu, afande. Vya kufungua pua. Wanaviomba wenyewe."

"Kila mmoja anakunywa vingapi?"

"Viwili wakiingia, viwili mchana. Anayepiga chafya sana namwongeza. Mtu akipiga chafya anapima vibaya, mifuko inapungua."

"Kila siku kwa wiki mbili?"

"Kila siku ya kazi."

"Pakiti zake ziko wapi?"

"Zimetupwa."

Kiberiti alizunguka meza bila kuomba ruhusa, akavuta droo ya chini. Pakiti zilikuwemo, zimefungwa kwa mpira, pamoja na karatasi zake za maelezo. Moja ilikuwa imekunjuliwa na kupigiwa mstari kwa kalamu: usitumie zaidi ya siku tatu, acha mara moja ukipata maumivu makali ya kichwa.

"Huu mstari ameupiga nani?"

Mashine ya kushona mifuko iliendelea kukoroma upande wa pili.

"Nakuuliza wewe! Ulisoma. Ulisoma, ukapiga mstari, ukabandua vidonge kwenye pakiti ili wao wasisome. Mwanamke alipiga ukelele na mfuko mkononi mbele yako tarehe tatu, ukamwambia nini?"

"Nilimwambia apumzike kidogo."

"Ukampa na nini?"

Msimamizi alitazama chini. "Alisema pua imeziba," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwongeza."

Kiberiti aliipiga meza kwa kiganja, kopo likaruka, vidonge vikamwagika na kubingirika sakafuni kwenye unga. Mashine ya kushona ilinyamaza. Wanawake wote waligeuka.

"Afande, usinionee," msimamizi alisema haraka, akirudi nyuma. "Mimi si mtu mbaya. Hata sasa anaumwa sijamkatia. Muulize mdogo wake, kila asubuhi akiingia zamu namhesabia vya kwake na vya dada yake, leo hata vya mchana nimempa mapema, ameomba ruhusa akamwone..."

Kiberiti alitazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika tano. Saa za mchana za kuwatazama wagonjwa zilianza saa sita. Alimwachia koplo msimamizi, kopo na droo, akapiga simu ya wodini akikimbia kwenda kwenye gari. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena haikupokelewa.

* * *

Wodi ilikuwa imejaa watu na vikapu. Kitanda cha mwisho, mama mzazi alikuwa amekaa upande mmoja akimkanda binti yake mkono uliolegea. Upande wa pili mdogo mtu, unga bado uko kwenye nyusi zake, alikuwa amemwinua dada yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kikombe cha chai. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Weka chini!"

Wodi nzima iligeuka. Msichana aliganda. Kiberiti alifika, akamnyang'anya kikombe, chai ikamwagikia shuka. Chini ya kikombe palikuwa na mchanga wa waridi ambao haujayeyuka.

Mama alisimama. "Wewe ndiye uliyetuahidi kumfunga yule muuaji. Leo unakuja kutupigia kelele sisi?"

"Yule si muuaji, mama. Nilikuahidi uongo." Kiberiti alimgeukia msichana. "Umeweka vingapi humu?"

"Vinne," msichana alisema. "Ni vya pua tu, afande. Dada hapumui vizuri akilala. Hawezi kuvimeza vikiwa vizima, ndiyo maana navisaga. Mimi vyangu hata sivinywi, vyote nampa yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mchana, na alfajiri kabla ya zamu nampa vilivyobaki jana."

Kiberiti alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kubomoa ukuta. Aliitafutia mahali pa kuitua kwenye uso ule wenye unga, akakosa. Alikiweka kikombe juu ya kabati taratibu na kukifunika kwa mkono, akamwita muuguzi, na muuguzi akamwita daktari bingwa. Kisha akapiga simu kituoni.

"Jalada liko wapi?" mkuu wa kituo alifoka. "Mwendesha mashtaka anasubiri."

"Haliendi. Mtoe fundi viatu, mkuu, umlete hospitali kwa gari letu."

"Na mimi nikaseme nini kule?"

"Sema nina mtuhumiwa mwingine, msimamizi wa kiwanda, na kopo lake. Na sema aliyekamata asiyehusika nitamwandika mwenyewe. Jina lake nalijua."

Daktari alifika, akatazama chini ya kikombe, akamsikiliza msichana bila kumkatiza. Alimpima mgonjwa macho, akamwambia abane kidole chake kwa mkono wa kushoto. Mgonjwa alijaribu. Vidole vilisogea kidogo, vikasimama.

"Vimesogea," daktari alisema. Alichukua daftari la wodini kutoka miguuni mwa kitanda, akafungua karatasi ya kwanza, akaufuta kwa mstari mmoja mwandiko wa Jumamosi, ule wa mara ya kwanza. "Lazima kila zamu ijue. Akipata tena usiku, daktari asianze na habari za kipigo." Akaandika juu yake, kwa herufi kubwa, mara ya tano.

Msichana aliona. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, lakini aliinuka akaushika mkono wa daktari, kalamu na vyote.

"Usiandike hivyo, daktari," alisema. "Nakuomba. Andika ya kwanza. Akipona watamwondoa kazini."